Maji ya Chupa Isiyo na Uzi

Wiki jana niliwaacha na Fundi akiwa chali sakafuni, katikati ya waombolezaji, na sauti ya marehemu baba yangu ikimtoka kinywani.

"Kijiko," sauti iliita. "Kijiko, mwulize mama yako ametia nini kwenye kikombe."

Sebule nzima ikanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa akililia biskuti alinyamaza.

Kama gazeti la wiki jana mlifungia sabuni kabla hamjalisoma, hali ni hii. Baba yangu alikuwa kasisi wa Kianglikana, na kazi iliyomjulisha kwa watu ilikuwa kutoa pepo. Alifariki juzi yake, alasiri, ndani ya chumba chake cha sala, kikombe cha chai kikiwa mbele yake. Jeneza lilikuwa kanisani, ng'ambo ya ua wetu. Askofu alikuwa njiani kuja kumzika. Na huyu Fundi ni mwanamke anayeshona mavazi ya kanisa, ambaye Baba alimwombea zamani hadi akasimama kwa miguu yake.

Kijiko ni mimi.

Baba alinipa jina hilo nikiwa mdogo, kwa sababu nilikoroga kila kitu, hata visivyokorogwa. Lakini aliniita hivyo tukiwa wawili tu, chumbani mwake, nikimsaidia kazi. Nje ya mlango ule nilikuwa "binti yangu", kama mabinti wote wa makasisi. Mama mwenyewe hakuwahi kuniita Kijiko.

Fundi alilijulia wapi?

Nikamtazama Mama. Nilitaka aseme "uongo". Nilitaka apige kelele, alie, arushe kiatu, afanye lolote. Hakufanya. Aliitazama mikono yake kama mtu aliyekamatwa nayo.

Aliyepata sauti kwanza ni Shangazi, dada wa Baba. Yeye tangu usichana wake anaitwa Redio, na sijasikia aliyewahi kumzima.

"Mmesikia?" akasema. "Mmesikia wenyewe, msije mkasema nimezua! Kaka yangu hakuwa na presha. Hakuwa na sukari. Mtu anakunywa chai anakufa? Chai gani hiyo?"

"Wifi," Mama akasema taratibu.

"Usiniwifi! Kikombe kiko wapi?"

"Kabatini."

"Kimeoshwa?"

"Kimeoshwa."

"Nani alikiosha?"

"Mimi."

Mguno ukazunguka sebule, ukaanzia kwa akina mama wa kwaya mpaka kwa wazee waliokaa karibu na mlango. Nami moyo ulinishuka, maana lile la kikombe nilikuwa nalijua. Siku ile, daktari hajafika bado, nilikikuta jikoni kimefunikwa juu ya kitambaa, kikidondosha maji. Nilikuwa nimeliweka moyoni na kulikalia.

"Basi sikilizeni," Shangazi akasema, akisimama. "Huyu mwanamke hatupi udongo kwenye kaburi la kaka yangu. Askofu akifika, mimi mwenyewe namwambia. Mwili urudi hospitali ukapasuliwe, na yeye aende kituoni akaieleze chai yake."

Hapo Mama aliinua uso.

"Baada ya kuzika, nipelekeni mnakotaka. Lakini nitamzika mume wangu."

"Utamzika kwa macho, umesimama nyuma ya ukuta!"

Nilimwona Mama akiukunja mkono wake wa kulia, ule wa kutupia udongo, akauficha ndani ya khanga.

Fundi sakafuni akakoroma kwa sauti ya Baba.

"Pisheni!" mtu akasema. "Pisheni mtumishi!"

Alikuwa Shemasi. Ni kijana mwenye viatu vinavyong'aa na sauti ya kipaza sauti hata anapoomba chumvi. Kwa mwaka mzima alikuwa akimzungukazunguka Baba amfundishe kazi ya pepo, na Baba alikuwa akimwambia "tutaona" mpaka neno likachakaa. Sasa alipenya katikati ya watu, akatia mkono mfukoni, akatoa stola ya zambarau, ule utepe mpana ambao kasisi huvaa shingoni.

Nikashtuka. Nani anakuja msibani na stola mfukoni?

Kisha nikashtuka zaidi. Ilikuwa stola ya Baba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiifua, na naijua kwa doa la nta lililokataa kutoka. Pindo lake lililokuwa limefumuka lilikuwa limeshonwa upya.

"Umeitoa wapi hiyo?" nikamwuliza.

"Si wakati wake, dada. Kuna nafsi inateseka hapa."

"Una ruhusa ya askofu?"

"Hii ni dharura!"

"Baba hakuwahi kuwa na dharura."

Na ni kweli. Naandika haya ili nisisahau alivyokuwa akifanya kazi, maana yanaanza kunitoka. Mtu akiletwa kwake, hata akiwa amefungwa kamba, swali la kwanza lilikuwa, "Umekula?" La pili lilikuwa, "Umemwona daktari?" Hakumwombea mtu mlango ukiwa umefungwa. Mama alikaa kwenye benchi nje, ukumbini, akisikia kila neno, ili asitokee wa kusema hili wala lile. Na hakuwa akipiga kelele. Wageni walishangaa. Walitegemea ngurumo, wakakuta mzee anaongea kama anayeuliza bei ya nyanya. Walipomwuliza, alijibu, "Pepo si kiziwi."

Shemasi yeye alivuta pumzi.

"Tokaaa!"

Madirisha yakatetemeka. Fundi akajipinda, akatupa mikono. Shemasi akasogea, na kiatu chake kile kinachong'aa kikakanyaga gauni la Fundi.

Hapo nikaona kitu ambacho nadhani hakuna mwingine aliyekiona. Fundi, macho yamegeuka weupe mtupu, mate mdomoni, aliteremsha vidole viwili taratibu, akalivuta pindo la gauni lake kutoka chini ya kiatu lisichanike. Akaendelea kujipinda.

Nikainuka nikatoka.

"Unakimbilia wapi?" Shangazi akanifokea. "Unamkimbia baba yako?"

"Namfuatia mkoba wake."

Chumba cha sala kiko mwisho wa ukumbi. Nilikuta kila kitu kama kilivyoachwa: meza, viti viwili, msalaba wa mbao ukutani, dirisha linaloangalia mtungi wa maji. Mkoba ulikuwa chini ya meza. Ndani yake mlikuwa na chupa mbili za kioo cha kahawia, zilizowahi kuwa na dawa ya kikohozi. Zinafanana kama mapacha, ila moja imefungwa uzi wa zambarau shingoni.

Nikazichukua zote mbili. Niliporudi, Mama aliziona mkononi mwangu na uso wake ukabadilika. Nililiweka hilo nalo moyoni, juu ya lile la kikombe.

Nikampa Shemasi chupa isiyo na uzi.

"Maji ya Baba," nikasema. "Siku zote alianza na haya."

Macho yake yaling'aa kuliko viatu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifungua, akaanza kurusha maji huku na huku kama anayemwagilia mboga. Tone la kwanza lilipomgusa Fundi shavuni, alipiga ukelele hadi akina mama wa kwaya wakakimbilia nyuma ya makochi.

"Unaniunguza! Unaniunguza!"

"Mnaona!" Shemasi akapaza sauti. "Mnaona nguvu hizo!"

"Ni kaka yangu huyo!" Shangazi akalia. "Ni yeye kabisa!"

"Basi kwa nini maji ya Mungu yamwunguze kasisi?" mzee mmoja akauliza kutoka mlangoni.

Nilipiga magoti kando ya Fundi. Nilikuwa na kitambaa mkononi, nimekilowesha tayari. Nikamfuta jasho paji la uso, mashavu, shingo, polepole, kama unavyomfuta mgonjwa wa homa. Akatulia. Akavuta pumzi ndefu.

"Asante, mwanangu," akasema.

Kwa sauti yake mwenyewe.

Nikasimama na chupa ya pili mkononi, ile yenye uzi.

"Kitambaa hiki," nikasema, "nimekilowesha kwa maji ya chupa hii. Haya ndiyo Baba aliyoyaombea pamoja na chumvi yake. Nimemfuta nayo uso mzima na amenishukuru. Yale aliyorushiwa na Shemasi, yaliyomwunguza, niliyajaza mwenyewe jikoni. Ni ya bomba."

Akina mama wa kwaya wakachungulia kutoka nyuma ya makochi.

"Ndivyo Baba alivyowapima. Wote. Alianza na maji ya bomba bila kumwambia mtu. Anayepiga kelele kwa maji ya bomba hana pepo. Ana njaa, au ana hofu, au ana mume. Huyo alimpa chai, akakaa naye akamsikiliza. Ya uzi alimpaka mwishoni, kama anamfuta jasho, mtu asijue. Siri hiyo tuliijua yeye na mimi."

Mtu mmoja akacheka. Kisha wawili. Nadhani haikuwa furaha, ilikuwa ni pumzi tu inayotafuta pa kutokea.

"Mimi nilijua," Shemasi akasema, akiifunga chupa.

"Ulijua nini?" Shangazi akamgeukia. "Umenilowesha kilemba changu cha msiba kwa maji ya bomba, unasema ulijua? Nipishe!" Kisha akamgeukia Fundi, ambaye sasa alikuwa amekaa, gauni limekunjwa vizuri magotini. "Na wewe! Kaka yangu alikusimamisha ukiwa hujijui jina, leo unakuja kumchezea jeneza likiwa halijafunikwa?"

Fundi akainamisha kichwa.

Nilikuwa nimeshinda. Watu walianza kumsogelea Mama, huyu akimshika bega, yule akimletea maji ya kunywa. Kama ningenyamaza hapo, Mama angemzika mume wake na mimi nisingekuwa na cha kuwaandikia.

Lakini nilikuwa na vitu vitatu moyoni: kikombe, stola, na Kijiko. Maji ya bomba hayakuviosha.

"Shemasi," nikamwita pembeni. "Stola. Usiniambie si wakati wake."

Alikuwa amenywea. "Fundi ndiye aliyenipa. Jana. Aliniambia nije nayo, huenda nikahitajika."

"Fundi alikwambia hivyo?"

"Nilidhani ni Roho aliyemwongoza, dada."

Nikamshika Fundi mkono, nikamwinua, nikaongozana naye hadi chumba cha sala. Mama akatufuata bila kuitwa. Hakuingia. Alikaa kwenye benchi lake ukumbini, mahali pake pa miaka yote, na mimi nikauacha mlango wazi.

Fundi alikaa kwenye kiti cha wanaoombewa. Nikakaa kwenye kiti cha Baba. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, lakini nilipofungua kinywa likatoka jingine.

"Umekula?"

Akaangua kilio. "Tangu juzi sijala."

Nikamwacha alie. Kisha nikasema, "Stola hii ilikuwa kwako kwa ajili ya pindo. Ulitakiwa umletee Baba juzi alasiri. Ulimletea?"

Akalipapasa pindo la gauni lake. Kwenye benchi nje, mbao zikalia kidogo.

"Nilikuja," akasema. "Nilipita mlango wa jikoni kama ninavyopita siku zote. Nikasikia kelele. Nikamwona mama yako anatoka mbio kwa mlango wa mbele, hana viatu. Nikaja mpaka hapo ulipo mlango. Mchungaji alikuwa ameishika hii meza kwa mikono miwili. Alinitazama, lakini sidhani aliniona mimi. Akasema, 'Kijiko.' Nikadhani anataka kijiko cha chai, nikageuka kwenda kukileta. Akasema, 'Kijiko, mwulize mama yako ametia nini kwenye kikombe.' Kisha akalala juu ya meza."

"Ukafanya nini?"

"Nikakimbia. Nikaja kugundua niko kwangu, nimeikumbatia stola."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

Fundi akajifuta macho kwa kiganja. Alinitazama kwa namna ambayo sikuitegemea. Aliniangalia kama mtu anayemhurumia mwenye maswali ya kitoto.

"Nikuambie mimi? Mimi niliyewahi kutambaa kwenye uwanja wa kanisa mbele ya watu wote, nikila majani? Nikisema mimi, watasema Fundi amerudiwa. Watu hawamsikilizi fundi wa nguo, mwanangu. Wanamsikiliza pepo. Nikaona, basi, waambiwe na pepo."

"Na ile sauti?"

"Miaka yote nimemshonea nikimsikiliza akihubiri. Sauti yake naijua kuliko yangu." Akainamia mbele. "Kuanguka ni uongo, umenikamata. Stola nilimpa yule kijana makusudi, ili kusikosekane wa kuja kuniinua, maana sakafu ni baridi. Lakini yale maneno ni ya baba yako. Sikuongeza hata moja."

Nilihisi kama mtu aliyefunga mlango dhidi ya mwizi, kisha akasikia hatua zake ndani.

Nilikuwa nimewaambia watu wote sebuleni kwamba ni uongo. Na haukuwa uongo.

"Mama," nikaita, bila kugeuka.

"Nimesikia."

"Mama, anasema kweli?"

"Anasema kweli."

Fundi akajishika mdomo. Mimi nilikitazama kile kidoa cha nta kwenye stola, kwa kuwa sikuweza kutazama kitu kingine.

Mama hakuinuka kwenye benchi. Alizungumza akiutazama ukuta wa mbele yake, kama alivyoutazama miaka yote watu wengine wakisema siri zao chumbani humu.

"Mwanzoni mwa mwezi baba yako alikwenda kwa askofu, kuomba ruhusa yake ya kazi kama kila mwaka. Aliyerudi hakuwa yeye. Nikimwuliza, hajibu. Akawa analala na taa. Akawa hasali kwa sauti, anasogeza midomo tu. Siku moja nilimkuta anajitazama kwenye kioo, anajiuliza, 'Umekula?'"

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako anajiogopa?" Akaikunja khanga magotini. "Juzi akaniita. Akaziweka hizo chupa mezani. Akasema, 'Chagua moja, usiniambie ni ipi, nitilie kwenye chai.'"

Nikaelewa. 

Baba alikuwa akijipima. Aliyewapima watu wote alidhani pepo amemwingia yeye, na hakuwa na kasisi wa kumwendea, basi akajifanyia vilevile alivyowafanyia wengine.

"Alikunywa," Mama akasema. "Mara moja tu. Akakiweka kikombe chini, akapiga ukelele. Kama huyu alivyopiga leo sebuleni, vilevile. Akashika kifua. Nikakimbia kwa jirani kuomba gari."

Kwa hiyo hakuwa akimshitaki Mama. Siku mbili nilikuwa nimembebea mama yangu kikombe moyoni, na Shangazi alikuwa tayari kumpeleka kituoni, na kumbe mzee yule aliyeishika meza alikuwa anauliza swali moja tu. Alitaka kujua ni chupa ipi. Ikiwa ni yenye uzi, basi pepo yumo ndani yake. Ikiwa ni ya bomba, ni hofu tu na moyo uliochoka. Aliniita mimi nimuulizie, na mimi sikuwepo.

Nikatoka nikapiga magoti mbele ya benchi, chupa zote mbili mkononi.

"Ulimtilia ipi, Mama? Yenye uzi au isiyo na uzi?"

Mama alizitazama chupa kama anavyotazamwa mgeni aliyekaa nyumbani miaka mingi bila kupendwa.

"Sikumtilia yoyote."

"Mama?"

"Nilichoka, mwanangu. Nimekaa hapa tangu hujazaliwa nikisikiliza watu wanapimwa. Sikutaka mume wangu apimwe. Nikaenda jikoni, nikazungusha kijiko asikie, nikazirudisha chupa zikiwa na vifuniko vyake. Ilikuwa chai. Chai na sukari yake." Akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Nilidhani nikirudi na gari nitamwambia. Nitamwambia, mume wangu, huna kitu, umepigia kelele chai. Angecheka. Unajua angecheka."

Niliweka kichwa magotini pake.

Baada ya muda nikauliza, "Na kikombe?"

"Wageni walikuwa wanakuja," akasema. "Niache kikombe kichafu mezani?"

Kutoka sebuleni Redio ilipaza sauti: "Gari la askofu! Jipangeni, akina mama, jipangeni! Shemasi, vua hiyo suti iliyolowa! Karibu mlango wa mbele, Baba Askofu, karibu huku!"

Mama akajifunga khanga upya. Alikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. "Tumwambie," akasema. "Tumwambie yote, hata ya chai. Kisha anizikie mume wangu."

Lakini nyayo zilizosikika hazikutoka mlango wa mbele. Zilitoka jikoni.

Askofu alikuja peke yake, akiwa ameinama kidogo kupita chini ya kizingiti. Mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto. Shangazi alikuwa bado anamkaribisha nje, analikaribisha gari tupu. Hakuna aliyekuwa amemweleza lolote la maji. Nyuma yangu, chumbani, Fundi alilivuta pindo la gauni lake akaliweka chini ya kiti, na miguu yake pamoja nalo.

"Poleni," askofu akasema. "Poleni sana." Hakuwa akitutazama usoni. Alikuwa akitazama mikono yangu.

"Ndizo hizo?" akauliza.

"Ndizo zipi, Baba Askofu?"

"Za uzi na za bomba. Baba yako alinieleza siku ile alipokuja kwangu. Akasema anayejaza ni Kijiko." Akatabasamu. "Sikujua Kijiko ni wewe."

Mama akainuka kwenye benchi. Sikumbuki kumwona akiinuka pale kabla ya shughuli kwisha.

"Siku ile," akasema, "ulimwambia nini mume wangu?"

Askofu hakugeuka. Alinyoosha mkono kwangu, kiganja juu, pete yake ikishika mwanga wa dirishani.

"Nimepigiwa simu njiani na watu wa huko mbele," akasema taratibu. "Wanataka kumtenga mjane na kaburi la mumewe. Neno langu moja linatosha. Mama yako atakaa mbele, atatupa udongo wa kwanza, na hakuna atakayetaja hospitali wala kituo. Wala leo, wala kesho." Vidole vyake vikasogea kidogo. "Nipe hizo chupa, na yale ya bomba yasisemwe tena na mtu yeyote."

Yalikuwa yamekwisha kusemwa sebuleni, lakini hakujua. Kilichokuwa bado mikononi mwetu ni chupa zenyewe, na swali la Mama ambalo hakulijibu.

Nikamgeukia Mama. Tangu juzi alikuwa ameomba kitu kimoja tu, na sasa kilikuwa mbele yake, kimeletwa na mwenye uwezo wa kukitoa. Nilijua atakachosema. Nilianza kabisa kuunyoosha mkono.

Mama alitoa mkono wake wa kulia ndani ya khanga, akaukamata wangu, akaurudisha nyuma.

"Mwache kwanza ajibu," akasema.

Mkono wa askofu ulikuwa bado umenyooshwa. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kugeukia mlango wa jikoni.